Kikokotoo cha bure cha CXRO: kipitie kabla hujanunua kioo cha eksirei laini

Nianze na hukumu, maana wengi mnasoma aya ya kwanza na kuondoka. Kama unabuni kioo cha kukusanya eksirei laini, yaani zile zenye nishati ndogo, na kuzilenga mahali pamoja, fungua kurasa za X-Ray Interactions With Matter za Center for X-Ray Optics, kituo kilicho ndani ya Lawrence Berkeley National Laboratory kule California, kabla hujajibu barua pepe ya muuzaji yeyote. Ni bure. Hakuna kujisajili, hakuna nenosiri. Nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu niliyoizuia nitaieleza, kwa sababu ndiyo inayoweza kukutia hasara.

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu iko Ujerumani, kwenye maabara ndogo ambako tunaipiga gesi ya nitrojeni kwa leza mpaka inageuka plazima. Plazima hiyo hutoa mstari mkali wa mwanga wa nanomita 2.88, yaani nishati ya elektronivolti 430 hivi. Tunautaka mstari huo kwa sababu umekaa ndani ya kile wenzetu wa hadubini wanachokiita dirisha la maji: kuanzia elektronivolti 284, ambako kaboni huanza kufyonza kwa nguvu, mpaka 543, ambako oksijeni nayo huanza. Katikati ya hapo maji yanapitisha mwanga na protini zinauzuia, kwa hiyo seli inaonekana ikiwa na maji yake, bila kupakwa rangi wala kukaushwa. Raha tupu. Shida ni kwamba plazima haina adabu: inamwaga mwanga pande zote, na sampuli iko upande mmoja tu. Lazima kitu kiende kuukusanya.

Lenzi ya kawaida sahau. Röntgen mwenyewe, aliyezigundua eksirei, mwaka 1895 alijaribu kuzikusanya eksirei kwa lenzi akashindwa, na sababu haijabadilika. Kwa mwanga huu fahirisi ya kupinda ya kila kitu iko chini ya moja kwa kiasi kidogo mno, na kila kitu kinafyonza. Kwenye nishati yetu hata hewa ya chumbani inakata sehemu kubwa ya mwanga ndani ya umbali usiofika milimita moja, ndiyo maana kila kitu chetu kinaishi ndani ya ombwe. Yanabaki mambo matatu: kioo kinachopigwa kwa pembe ndogo sana ili mwanga uparaze na kuakisiwa, kioo chenye mamia ya tabaka nyembamba kinachopigwa karibu wima, au sahani ya kanda, yaani duara za mistari myembamba zinazoutawanya mwanga ukakutana mbele. Kuchagua kati ya hayo matatu ndiko kunakohitaji kikokotoo.

Kikokotoo chenyewe, na sisemi kile cha mafao kilichowatoa wastaafu jasho, ni kurasa chache za fomu. Moja inakupa fahirisi ya kupinda, nyingine umbali ambao mwanga unasafiri kabla ya kufyonzwa, nyingine kiasi kinachopita kwenye kipande kigumu au kwenye gesi, kisha zinafuata za uakisi: kioo kinene, tabaka moja, tabaka mbili, tabaka nyingi. Nyuma yake kuna majedwali yaliyochapishwa mwaka 1993 na Henke, Gullikson na Davis, kuanzia hidrojeni mpaka urani, kwa nishati za elektronivolti 50 mpaka 30,000. Karibu kila mtu ninayefanya naye kazi kwenye fani hii ananukuu chapisho hilo, na wengi wao sina hakika kama wamewahi kulifungua.

Sura yake ni ya kizamani. Visanduku vya kujaza, kitufe, basi. Unabonyeza unapata mchoro na faili la namba unaloweza kulipeleka kwenye programu yako. Kuna wanaolalamikia hilo. Mimi nalipenda, na nawaambia wadogo zangu walioko Dar na Nairobi wanaoniuliza waanzie wapi: ukurasa huu unafunguka kwenye simu ya kawaida kwa bando la mwisho wa mwezi. Hauhitaji kompyuta ya maabara. Mwanafunzi aliyekaa kibarazani anapata majibu yale yale anayopata profesa wa Berkeley.

Kuna mambo madogo ya kuzoea. Herufi kubwa na ndogo zina maana: ukiandika Co unapata kobalti, ukiandika CO unapata monoksidi ya kaboni, na mchoro utachorwa bila manung'uniko kwa vyovyote vile. Kwenye kisanduku cha msongamano ukiweka namba hasi kinajijazia thamani ya jedwali. Uelekeo wa mtikisiko wa mawimbi unaandikwa kwa namba, 1 au −1, na 0 kwa mwanga usio na uelekeo mmoja kama wetu wa plazima. Hatua za mchoro hazizidi 500. Shinikizo la gesi linaandikwa kwa torr, na sisi tuliozoea milibari tunabaki tunazidisha pembeni.

Sasa kazi halisi. Chukua kioo cha nikeli chenye umbo la duaradufu iliyozungushwa kwenye mhimili wake, kitu kama mrija uliotunishwa kidogo katikati. Duaradufu ina vitovu viwili. Weka plazima kwenye kimoja, na mwanga wowote unaogusa ukuta wa ndani unakwenda kukutana kwenye cha pili. Tuseme vitovu viko mita moja mbali, kioo kina urefu wa sentimita 20 na kimekaa katikati kabisa. Swali la kwanza la mbunifu: mwanga uguse ukuta kwa pembe gani?

Fungua ukurasa wa kioo kinene, andika Ni, weka elektronivolti 430, chora uakisi dhidi ya pembe. Kwa nyuzi 2 au 3 sehemu kubwa ya mwanga inarudi. Karibu na nyuzi 6 mstari unaporomoka, na kwa nyuzi 10 kilichobaki hakina maana. Anayeanza akiuona mchoro huo anachagua nyuzi 2, kwa sababu asilimia inapendeza. Hapo ndipo ninapomshika mkono. Asilimia ya uakisi si kiasi cha mwanga ulioupata. Kwa kioo cha urefu ule ule na umbali ule ule, ukiongeza pembe mara mbili, mrija unakuwa mpana mara mbili na kila upande unaona kipande kipana mara mbili cha mwanga unaotoka, kwa hiyo unakusanya karibu mara nne. Cha kutafuta ni kilele cha uakisi ukizidishwa na mraba wa pembe. Pakua faili la namba, zidisha mwenyewe, uchore upya. Kwa nikeli kwenye mstari wetu kilele hicho kinaangukia mahali fulani kati ya nyuzi 4 na 6, pale ambapo zaidi ya theluthi moja ya mwanga tayari inapotea, na bado unatoka na mwingi kuliko aliyechagua nyuzi 2 zenye asilimia za kujivunia.

Hata hivyo usitegemee makubwa. Kwa pembe ya nyuzi 3 kioo nilichokieleza kinaona chini ya sehemu moja katika elfu ya mwanga wote wa plazima. Darubini za angani zilikutana na unyonge huo huo, zikautibu kwa kupanga vioo kimoja ndani ya kingine: Chandra, iliyorushwa mwaka 1999, ina jozi nne zilizopakwa iridiamu, na XMM-Newton, ya mwaka huo huo, imepanga maganda 58 ya nikeli yenye dhahabu katika kila moja ya darubini zake tatu. Umbo lao ni paraboloidi ikifuatiwa na hiperboloidi, mpango alioutoa Hans Wolter mwaka 1952. Wao wanatazama nyota iliyo mbali mno, sisi tunatazama cheche iliyo nusu mita mbele yetu, kwa hiyo duaradufu moja inatutosha. Wengine hutumia vioo viwili vilivyopinda upande mmoja mmoja, kimoja kikilenga kwa usawa na kingine kwa wima, kama walivyopendekeza Paul Kirkpatrick na Albert Baez mwaka 1948. Vile ni rahisi zaidi kung'arisha, lakini kwa chanzo kinachomwaga mwanga kote kote vinachota kidogo. Kwenye sinkrotroni, zile mashine kubwa zinazozungusha elektroni ili zitoe eksirei, ambako mwanga unakuja umeshabanwa kuwa mwembamba, ndiko vinakotawala.

Ukurasa ulionifurahisha kuliko yote ni wa tabaka nyingi, kwa sababu ulizima mjadala mrefu ofisini. Mwenzetu mmoja alisema kwa nini tuhangaike na kuparaza, tununue kioo cha mviringo chenye tabaka za kromu na skandiamu, kipigwe wima, kikusanye kwa upana. Wazo zuri. Vioo vya aina hiyo vipo na vinafanya kazi vizuri karibu na nanomita 3.1, na kila jozi ya tabaka ina unene wa nanomita 1.5 tu hivi, atomu chache zikiwa zimepangwa juu ya nyingine, kisha unarudia mamia ya mara. Tuliandika Sc kwenye ukurasa wa fahirisi tukachora kuanzia 350 mpaka 450. Kwenye elektronivolti 399 hivi mstari wa ufyonzaji unaruka juu kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mstari wetu uko 430, upande wa pili wa mwiba. Skandiamu iliyokuwa inapitisha sasa inafyonza, na uzuri wote wa tabaka nyingi unategemea mwanga ufike chini kwenye tabaka za kina. Mjadala ukaisha.

Ndiyo maana mtu anayetaka kioo cha kromu na skandiamu humpa plazima yake chakula kingine. Alkoholi yenye kaboni, ikipigwa kwa leza, hutoa mstari wa nanomita 3.37, yaani elektronivolti 368 hivi, upande salama. Wenzetu wa KTH, chuo kikuu cha ufundi kule Stockholm, walijenga hadubini ya mezani kwa njia hiyo, mchirizi mwembamba wa kimiminika ukipigwa kwa leza, kisha baadaye wakahamia nitrojeni ya kimiminika na mstari wa nanomita 2.48 wakiwa na vioo vya kromu na vanadiamu, kwa kuwa ukingo wa vanadiamu, yaani pale ufyonzaji wake unaporuka juu, uko elektronivolti 512 na mstari wao uko 500. Ukiitazama orodha hiyo unaona chanzo na kioo vinaposwa pamoja. Huwezi kumleta mmoja nyumbani kisha ukaanza kumtafutia mwenzake. Kikokotoo hiki kinakuonyesha ndoa zisizowezekana bila gharama.

Ukurasa wa gesi nao una yake. Ukingo wa nitrojeni uko elektronivolti 410, na sisi tunatoa mwanga wa 430 ndani ya nitrojeni. Maana yake gesi baridi inayozunguka plazima inameza mwanga wa plazima yenyewe. Weka N2, milibari moja iliyogeuzwa kuwa torr, njia ya sentimita 100, utaona kwamba karibu mwanga wote umekwisha kabla ya kufika popote. Kwa hiyo pampu za ombwe ni sehemu ya ubunifu wa kioo, hata kama bajeti inaziandika kwenye mstari mwingine.

Sahani za kanda nitazipitia haraka. Kwa kulenga doa dogo hazina mpinzani, lakini kwa kukusanya ni maskini. Ile ya kawaida inayozuia mwanga kanda moja na kupitisha nyingine haipeleki zaidi ya asilimia 10 hivi kwenye doa lake la kwanza. Umbali wake wa kulenga ni kipenyo mara upana wa kanda ya mwisho, ukigawa kwa urefu wa wimbi: sahani ya mikromita 100 yenye kanda ya mwisho ya nanomita 25, kwa mwanga wetu, inalenga chini ya milimita moja mbele yake. Jaribu kuingiza kishikio cha sampuli hapo. Sisi tunaitumia baada ya sampuli kama lenzi ya kukuza, na kioo cha kuparaza kinabaki mbele kama mkusanyaji.

Sasa ile nusu nyota.

Kwanza, majedwali haya yanachukulia kila kitu kama mkusanyiko wa atomu zisizojuana. Mbali na kingo za ufyonzaji dhana hiyo inafanya kazi vizuri. Karibu na ukingo, namna atomu zilivyoshikana kikemia inabadilisha mstari, na waandishi wenyewe wanasema wazi kwamba hapo lazima upime. Sifa moja kwao kwa kusema. Lakini mchoro unaochorwa karibu na ukingo unapendeza sawasawa na unaochorwa mbali, hauna alama nyekundu, na mwanafunzi anayesoma mchoro bila kusoma maelezo atauamini.

Pili, namba hasi ya msongamano. Thamani ya jedwali ni ya metali nzito iliyotulia, wakati utando uliopakwa ndani ya ombwe mara nyingi ni mwepesi kidogo kuliko huo, na juu yake kuna oksidi na masalia ya kaboni kutoka kwenye mafuta ya pampu. Ushauri wangu: rudia hesabu kwa msongamano uliopunguzwa asilimia 10, kisha tumia ukurasa wa tabaka moja uweke nanomita moja au mbili za kaboni juu ya nikeli. Kama ubunifu wako unaporomoka kwa mabadiliko hayo, haukuwa ubunifu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kikokotoo kinajua kioo bapa tu. Hakijui umbo. Kuna kisanduku cha mikwaruzo midogo ya uso, kitumie, kwa sababu mikwaruzo inauma zaidi pembe inapokua. Kwa hesabu ya kawaida ya Debye na Waller, mikwaruzo ya nanomita 1 kwa pembe ya nyuzi 5 inakula asilimia 13 hivi ya mwanga wetu. Ikiwa nanomita 2, inakula zaidi ya asilimia 40. Kwa nyuzi 3 na nanomita 1 hasara ni asilimia 5 tu. Yule kilele wa nyuzi 5 niliyemsifu juu huko anarudi nyuma kidogo ukikumbuka hilo, na sisi tulitua kwenye nyuzi 4 na kitu. Ila mikwaruzo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uso kuyumba taratibu, mawimbi marefu ya milimita kadhaa ambayo mikwaruzo haiyaoni. Mwanga unaoakisiwa unakosea kwa mara mbili ya kosa la mteremko: mteremko ukikosea mikroradiani 10, na kitovu kiko nusu mita mbele, mwanga unaangukia mikromita 10 kando. Kwetu chanzo chenyewe ni kipana kuliko hapo, kwa hiyo tunavumilia. Anayetaka doa la mikromita moja havumilii.

Hapa ndipo wauzaji wanapopata mwanya. Kampuni moja, jina naliacha, ilituletea karatasi ya bei iliyoandikwa uakisi asilimia 80 kwa herufi nene, bila pembe, bila nishati, bila kusema mikwaruzo imepimwa kwenye urefu gani. Tulipoweka namba zao kwenye kikokotoo tuliona kwamba asilimia 80 inapatikana, ndiyo, kwa pembe ambayo kioo chao cha ukubwa ule kisingekusanya mwanga wa maana. Tulipouliza kosa la mteremko walijibu kwa kutuma tena ile ile karatasi. Kampuni nyingine ilijibu kwa ramani ya uso mzima, ghali zaidi, na ndiyo tuliyonunua kwake.

Kwa umbo, basi, utahitaji programu ya kufuatilia miali. SHADOW ndiyo niliyolelewa nayo, ni ya zamani na ni bure pia, siku hizi wengi wanaiendesha ndani ya OASYS. Kwa tabaka nyingi zenye unene usiolingana, IMD ya David Windt inakwenda mbali kuliko fomu za CXRO. Na kama umechoka kubonyeza, kuna maktaba ya Python iitwayo xraydb inayokupa data za aina hii ndani ya msimbo wako, unazungusha pembe elfu kwa mstari mmoja. Mimi bado naanza kwenye fomu. Kujaza kisanduku kwa mkono kunanilazimisha kufikiri kila namba inatoka wapi.

Kwa nani hakifai: wale wa eksirei ngumu, hospitali na ukaguzi wa viwandani, ambao nishati zao zinavuka elektronivolti 30,000. Jedwali linaishia hapo. Ninyi nendeni XCOM ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inaanzia elektronivolti 1,000 na kupanda mbali sana, nayo ni bure vile vile. Ila haitakupa uakisi wa kioo, ni ufyonzaji na utawanyaji tu.